Barua ya Wanajimu

Kwa Somoe, mwanangu,

Salamu sitakuandikia, maana tumesalimiana leo asubuhi na jioni tutakula pamoja. Umevuka kwenda Mbuchi kuwaaga shangazi zako, nami nimepanda dunguni kulinda mpunga. Ukikuta mstari umekatika katikati ujue nimeinuka kuwapigia ndege debe. Mwaka huu wamekuja wengi na adabu hawana hata kidogo.

Mambo ya sweta, dawa, na nani atakupokea huko uwanja wa ndege umeambiwa mpaka masikio yamechoka, sitayarudia. Kesho maji yakijaa boti itaondoka hapa Salale kwenda Nyamisati, na mimi mbele za watu sijui kusema. Nikianza kusema nitalia, nikilia nitasahau nilichotaka kusema. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Karatasi hizi ni za daftari lako la kidato cha pili, kurasa za nyuma zilikuwa zimebaki tupu.

Nina kosa nililokutendea na wewe hulijui. Nimekaa nalo karibu miaka miwili. Ukishalisoma unaweza ukanikasirikia, na haki utakuwa nayo, lakini sitaki upande ndege hujalijua. Vumilia tu nianzie mbali, mimi sijui kuanzia karibu.

Ulikuwa hujaanza shule. Tulikuwa tunavuna, tunalala hapa hapa dunguni, na alfajiri moja nikakuamsha nikuonyeshe Kilimia kimetoka. Bibi yako alinionyesha mimi vivyo hivyo. Alikuwa akisema nyota zake ni saba, nami nikawa nasema saba, kama alivyosema yeye. Nikakuuliza, "Unaziona?" Ukasema, "Naziona, Mama. Ziko tisa." Ukanyoosha kidole ukaanza kuzigusa moja moja kwa mbali, hii, na hii, na hii. Nikakuchapa mkono. Nikakwambia nyota hazihesabiwi, ukizihesabu kwa kidole utaota chunjua.

Na ukaota kweli. Haukupita mwezi, chunjua ikachomoza kwenye kidole kile kile. Mwanangu, nilivyojisifu siku zile. Kila aliyekuja kuteka maji nilimwita aje akione kidole chako. Wewe ukakaa unakiangalia, halafu ukauliza, "Mama, mbona Mzee Sefu ana chunjua shingoni? Yeye alihesabu kwa shingo?" Nikakukimbiza na mwiko mpaka kwenye mikoko. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu nilitaka kucheka.

Baada ya pale hukunyoosha kidole tena. Nilidhani nimeshinda. Kumbe kila alfajiri ulikuwa unasimama nje umefunga mikono nyuma, macho juu, midomo inacheza. Niliona, nikanyamaza. Ulikuwa umejifunza kuhesabu bila mama yako kujua, na hilo nilikufundisha mimi. Nikilikumbuka sasa linaniuma kuliko kile kibao.

Ukaenda sekondari Kibiti. Kule ukampata Mwalimu Mbonde wa fizikia, naye alipoona daftari lako la nyota hakukuchapa. Alilichukua, akalituma kwa wale watu wake wa kusini wanaokaa juu ya kilima, kwenye nchi kavu isiyo na mawingu. Mimi sikuambiwa kitu. Ungeniambiaje, wakati mara ya mwisho ulipozungumza nami habari za nyota niliwaita majirani waje kutazama kidole?

Sasa nikueleze nilivyokuwa nalijua neno mnajimu. Kusoma nilikujulia ngumbaru, ukiwa tumboni. Tulikaa wanawake wazima chini ya paa la shule, matumbo mbele, tunaandika a, e, i, o, u mchangani. Tangu siku ile sipiti karatasi bila kuisoma. Na tangu mambo yafunguliwe, kumekuja mitumba, kumekuja redio za kila aina, yamekuja na magazeti mapya ambayo huku kwetu yanafika yamefunga maandazi. Nilikuwa nakula andazi huku nasoma. Karibu kila gazeti lilikuwa na mnajimu wake. Wewe wa Mizani, wiki hii jihadhari na jirani mnene. Wewe wa Nge, usisafiri Jumanne, nyota yako imefunikwa. Nikawa nacheka. Jirani mnene ndiye mimi.

Lakini si kila mnajimu alinichekesha. Mjomba wako Athumani hukumkuta. Aliumwa tumbo, tukamwandalia mtumbwi apelekwe hospitali Mchukwi. Siku hiyo hiyo akapita mtu mwenye kitabu cha nyota, akamwambia nyota yake ni ya maji, akivuka mto hatarudi, angoje siku saba. Tukangoja. Siku ya tano tulikuwa tunamchimbia kaburi. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kasia, na mimi ndiye niliyeliweka chini yule mtu aliposema. Sijakusimulia hili kwa sababu sipendi kujiona nimesimama pale ufukweni na kasia miguuni.

Ngoja niwafukuze hawa ndege.

Nimerudi. Wameenda shamba la jirani, huko Mungu awasaidie wenyewe.

Barua ya wale watu wa kusini ilikuja siku uliyokwenda Mchukwi kwa mama yako mdogo. Aliileta Mzee Sefu. Wakati ule ndiye aliyekuwa akituletea barua zote kutoka Kibiti, anazitia kwenye mfuko wa nailoni, anaufunga kichwani ili hata mtumbwi ukipinduka zifike kavu. Ilikuwa na jina lako. Nikaifungua. Nilijiambia mimi ni mama, na kusoma najua.

Ndani kulikuwa na karatasi mbili. Moja ya Kiingereza, hiyo niliiweka pembeni. Ya pili ilikuwa ya Kiswahili, ameiandika mmoja wao anayeijua lugha yetu. Nikaisoma kwa kidole, neno kwa neno, mara tatu. "Sisi ni jumuiya ya wanajimu tunaochunguza nyota na vizazi vyake. Tumelisoma daftari lako. Tunakukaribisha uje uishi na kujifunza pamoja nasi."

Somoe, ile ilikuwa barua ya kwanza ya watu wakubwa niliyoisoma peke yangu bila kumwomba mtu. Hakuna neno lililonishinda. Ndiyo maana sikumuuliza mtu yeyote. Ningekwama hata kwenye neno moja, ningempelekea imamu au mwalimu anisomee, na wewe leo ungekuwa umeshakaa huko mwaka mzima.

Mnajimu mmoja alinitosha. Hawa walikuwa jumuiya, na walikuwa wanakutaka mwanangu akaishi nao. Nikaikunja, nikaiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya kanga za harusi yangu. Ulipotoka Mchukwi hukuvua hata viatu. Ukauliza, "Mama, kuna barua?" Nikasema, "Hakuna." Nikaendelea kupepeta mchele.

Ukauliza tena wiki iliyofuata. Na iliyofuata. Halafu ukaacha kuuliza.

Ikapita miezi mitatu. Nikaenda Kibiti kuuza mikeka, nikakutana na Mwalimu Mbonde kwenye kibanda cha chai. Akauliza, "Mama Somoe, mbona binti yuko kimya? Barua haijafika?" Nikamwambia haijafika, huenda iko njiani. Halafu nikashindwa kujizuia, nikamuuliza, "Hao watu wenyewe, Mwalimu, wanapiga bao au wanaangalia kwenye kitabu?"

Chai ilimpalia. Alikohoa mpaka mwenye kibanda akaja kumpiga mgongoni. Alipopumua akasema, "Mama, Kiswahili chetu kimewapa watu wawili jina moja. Kuna anayetazama nyota akakwambia habari zako, na kuna anayetazama nyota ajue habari za nyota. Hawa ni wa pili. Wewe kama hujui kusoma nyota yako, nao hawajui."

Nikamuuliza, basi kazi yao nini. Akasema wanafanya sensa. Wanahesabu nyota, halafu wanaziandikisha kwa umri, kama balozi wa nyumba kumi anavyoandikisha kaya, hapa bibi, hapa watoto, hapa wajukuu. Nikamwambia asinifanyie mzaha, nyota inazaaje? Akasema nyota nayo hufa, na majivu yake ndiyo yanayoingia kwenye nyota za baadaye, kama shamba lililochomwa linavyootesha mpunga. Kwa hiyo ukiipima nyota majivu yaliyomo ndani yake, unaweza kujua ni ya kizazi cha zamani au ni ya juzi. Hilo nililielewa. Shamba nalijua.

Halafu akanieleza habari za Kilimia, na hapo ndipo kosa langu lilipobadilika rangi. Akasema nyota zile hazikukusanyika kwa bahati. Zimezaliwa pamoja, mahali pamoja, kama ndugu wa tumbo moja, tena bado ni changa. Nikafurahi kusikia. Akaongeza, "Lakini hazitakaa hivyo. Kidogo kidogo zinaachana. Mwisho kila moja itakuwa na njia yake."

Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa najua kila kitu. Najua hao si wapiga bao, najua walikuita kwa kheri, najua barua iko wapi. Ulikuwa umekaa mlangoni unapukuchua mahindi. Ukaniuliza mikeka imekwisha? Nikajibu imekwisha. Nikaingia ndani, nikapika, tukala.

Hapa ndipo ninapotaka unielewe vizuri, nisijifiche nyuma ya lile neno. Neno lilinidanganya miezi mitatu. Miezi saba iliyofuata nilijidanganya mwenyewe. Baba yako alikwishatangulia, kaka zako wako Dar na Mtwara, na mimi niliona Kilimia changu kimebaki nyota moja, sikutaka iachane nami. Nikawa najiambia nitakwambia baada ya kupanda. Tukapanda. Nitakwambia baada ya palizi. Tukapalilia. Sikulia hata siku moja, na nilikuwa nalala vizuri. Usidhani mtu anayetenda ubaya hakosi usingizi kwa sababu ana moyo wa jiwe; mimi nililala kwa sababu ulikuwa umelala chumba cha pili.

Kilichonishinda ni jambo dogo. Jioni moja kuni zilikuwa mbichi, nikakuona unachana karatasi unawashia moto. Nikatazama, ni daftari lako la nyota, jipya lile. Nikasema, "We, si daftari lako hilo?" Ukasema, "Hawakunitaka, Mama. Akili yangu ni ya hapa hapa." Ulilisema taratibu, huku unapuliza moto, wala hukunung'unika. Ukurasa mmoja ulikuwa umeanguka kando, nikauokota. Ulikuwa umeandika, "Leo mawingu. Sikuona." Ukurasa mzima ni hayo maneno matatu tu.

Nilipaswa kufungua sanduku pale pale. Sikufungua. Kesho yake nilikwenda Kibiti nikamwambia Mwalimu Mbonde kwamba barua lazima ilizama, kwamba Mzee Sefu siku hizi mikono inamtetemeka. Akawaandikia upya, wakajibu, na safari hii barua ikapitia kwake. Alipoileta nilipiga vigelegele kuliko wanawake wote wa Salale. Ulinikumbatia, ukaniambia, "Mara ya pili wamenikubali, Mama." Mara ya pili. Mwalimu alikwambia barua ya kwanza ilizama, wewe ukaona anakufariji tu. Nikaficha uso begani kwako, ukadhani ni furaha.

Na Mzee Sefu nikawa nimemmaliza. Maneno niliyomwambia mwalimu yalisafiri. Watu wakaanza kusema mzee anadondosha barua, wakawa wanawapa vijana wenye boti za injini. Mfuko wake wa nailoni akautundika ukutani.

Wiki iliyopita nikamfuata. Nilimkuta anasuka dema la kutegea samaki. Nikamwambia, "Mzee Sefu, nimekuja kukuomba radhi." Hakuinua macho. Akasema, "Kwa ile barua ya mtoto?" Nikakaa chini. Akaendelea kusuka. "Nilikukabidhi mwenyewe mkononi," akasema. "Mikono yako ilikuwa na unga, ukaifuta kwanza kwenye kanga ndipo ukaipokea."

Nikamuuliza, "Ulijua siku zote hizi, na watu wanakusema? Mbona hukunitaja?"

Akasema, "Ningekutaja, mtoto angepata barua akakosa mama. Barua inaandikwa tena."

Nililia, mwanangu. Nililia pale mbele ya mkewe na kuku wao. Aliniacha nikalia nikamaliza, ndipo akasema, "Mimi umeshaniomba, nimekusamehe. Sasa nenda kwa mwenye barua." Juzi nimesema kisimani mbele ya watu wote kwamba Mzee Sefu hajawahi kudondosha barua hata moja, mwongo ni mimi. Wamenitazama. Wanitazame. Ukisikia wananong'ona kesho kwenye boti, ndiyo hiyo.

Sina mengi ya kukuusia. Unakwenda kukaa na watu ambao kazi yao ni kutazama, na Mwalimu ameniambia hata usiku wa mawingu wanauandika, kwamba tulitazama, hatukuona. Wewe ulikwishaanza kuandika hivyo ukiwa hapa nyumbani, bila kuagizwa. Mimi nimefika umri huu sijawahi kusema "sikuelewa" mbele ya mtu, nikiogopa watasema Hadija hajui kusoma. Ningelisema mara moja tu, siku moja, kwa neno moja. Tabia ile yako usiiache, hata ukikutana na watu wenye elimu kubwa wanaojibu haraka haraka. Na huko nako ukikosea, maana utakosea, usingoje palizi iishe.

Kilimia sasa kimezama, hata nikitazama hakipo. Mwezi ujao kitatoka alfajiri, na Mwalimu anasema huko kusini nako kitaonekana. Nitasimama hapa dunguni nizihesabu kwa kidole, chunjua ikiota ni yangu. Halafu nitakuandikia ni ngapi. Nikwambie na hili kabisa: saba sijawahi kuziona. Maisha yangu yote nimeziona sita, hiyo moja nilikuwa nasema tu kwa sababu bibi yako alisema. Hizo tisa zako ninakuamini ni tisa.

Barua ya kwanza nimeikunja ndani ya hii. Kanga zimeitia harufu ya udi, lakini maandishi hayajafutika. Isome ukiwa umekaa. Uliniambia pale mekoni kwamba hawakukutaka, na umeibeba hiyo kauli mpaka leo, naiona unapojibu watu wanaokupongeza. Iteremshe. Walikutaka mara ya kwanza, Somoe. Asiyetaka uende nilikuwa mimi.

Mama yako,
Hadija